Baada ya tetemeko, kwa nini wodi hujaa miguu iliyovunjika na si vichwa?

Sista_wa_Zamu ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, wenye haraka wapite tu.

Mimi ni muuguzi wa mapokezi ya dharura, mwaka wa 14 sasa. Miezi michache iliyopita nilitupiwa kazi ya kuandika upya mpango wa hospitali yetu endapo tetemeko la ardhi litapiga. Mpango wa zamani ulikuwepo, kurasa nne. Nilipoufungua nikakuta orodha ndefu ya kola za shingo, bandeji za kichwa, vifaa vya kutoboa kifua, na mwisho kabisa mstari mmoja: "na dawa nyinginezo". Figo hazikutajwa hata mara moja. Bandeji za hogo, zile zinazokauka na kuwa ngumu ili kushika mfupa uliovunjika, boksi mbili.

Nikaanza kusoma taarifa za hospitali zilizowahi kupokea majeruhi wa matetemeko makubwa. Japani, Uturuki, China, Pakistani, Haiti, Nepali. Nchi tofauti, nyumba tofauti, lakini wodini wanasimulia kitu kilekile. Ukimwambia mtu kwamba nyumba imemwangukia mwenzake, anawaza kichwa. Wanaofika hospitali wameumia miguu. Paja, muundi, kifundo, unyayo. Katika mifupa yote iliyovunjika, ya miguu peke yake huwa karibu nusu au hupita nusu. Nyuma yake inakuja mikono, kisha nyonga na mgongo. Vichwa na vifua viko mbali nyuma, na matumbo ndiyo machache kabisa.

Nilikaa na hilo siku mbili nikidhani nimesoma vibaya. Baadaye nikaelewa. Aliyepondwa kichwa au kifua na zege hafiki kwetu, anafia palepale. Tetemeko linachuja watu kabla hata geti la hospitali halijafunguliwa. Tetemeko la Kobe, Japani, Januari 17 mwaka 1995, saa 11:46 alfajiri, watu zaidi ya 6,400 walikufa, na wengi mno walikufa kwa kubanwa na kukosa pumzi chini ya nyumba zao wenyewe, ndani ya dakika chache. Hao hawana faili wala namba ya kitanda.

Sasa tazameni waliokuwa na faili. Hospitali 95 za eneo lile zilihesabu waliolazwa katika siku 15 za kwanza: wagonjwa 6,107. Kati yao 2,718 walikuwa majeruhi wa tetemeko. Waliobaki, 3,389, walilazwa kwa magonjwa tu: mapafu, moyo, vidonda vya tumbo, kisukari kilichokosa dawa. Yaani zaidi ya nusu ya vitanda vilikaliwa na watu ambao hawakuangukiwa na hata tofali moja. Na katika wale majeruhi 2,718, watu 372 walikuwa na ugonjwa ambao mpango wetu wa kurasa nne haukuujua kabisa. Huo nitaueleza kwenye chapisho linalofuata, maana nina deni nao.

Inaendelea.

Kijana_wa_Pwani ameandika:

Naweka mkeka hapa. Sista endelea.

Mbishi_Halali ameandika:

Sista, nakuheshimu ila hapo kwenye kuchuja sijaridhika. Kama vichwa ni vichache wodini, huoni mtu atasema basi tupunguze vifaa vya kichwa? Na kama takwimu zenu ni za walionusurika tu, mnajuaje waliokufa walikufa kwa nini? Naomba jibu la kitaalamu, si la huruma.

Sista_wa_Zamu ameandika:

Mbishi, swali zuri, sina haja ya huruma kulijibu.

Waliokufa hujulikana pale maiti zinapokaguliwa, kama walivyofanya Kobe. Mahali pengine hawakukaguliwa, walizikwa haraka, na hapo takwimu pekee zinazobaki ni za hospitali. Ndiyo maana nasema zisisomwe kama picha ya tetemeko zima. Kwa mtu anayepanga vitanda, hata hivyo, ndizo zenyewe. Mimi naandaa wodi kwa ajili ya anayefika.

Vifaa vya kichwa sijasema vitupwe. Watoto, kwa mfano, hufika na majeraha ya kichwa kuliko watu wazima, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake. Nilichosema ni kwamba boksi mbili za hogo ni mzaha.

Haya, deni langu.

Hili halikutokea kwenye tetemeko, ukuta wa kawaida tu ulianguka. Aliletwa mwanaume wa miaka kama 30, amebanwa mapaja tangu alfajiri, akatolewa karibu saa sita mchana. Alikuja anaongea. Aliniuliza simu yake iko wapi. Miguu yote miwili ngozi nzima, haina hata mchubuko wa maana, ila ngumu ukiigusa, kama mbao. Akaniambia hausikii vizuri ule wa kulia. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Siku ile tulikuwa na watu kumi na moja kwenye korido, wawili wanavuja damu. Nikamfunga utepe wa kijani, ule wa wanaoweza kusubiri, nikamwekea kiti pembeni ya mlango, nikaendelea na wanaovuja.

Saa kumi jioni akaomba kwenda chooni, akarudi akanishika mkono. "Sista, nimekojoa chai." Nikaenda kuangalia. Ilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Nikamkimbiza kwenye kipimo cha umeme wa moyo, na ile michoro ilikuwa imeinuka na kuchongoka kama paa za mahema. Wanaojua wanajua. Ile ni potasiamu iliyozidi kwenye damu, na moyo ulikuwa umebakiza kidogo usimame.

Alipona. Alikaa kwenye mashine ya kusafisha damu karibu wiki tatu. Mimi ndiye niliyempa utepe wa kijani.

Ugonjwa wenyewe, kwa Kiingereza "crush syndrome", uko hivi. Msuli ukibanwa kwa saa kadhaa unakosa damu, seli zake zinakufa, na vilivyokuwa ndani ya seli vinavuja: potasiamu, asidi, na protini nyekundu iitwayo mayoglobini. Ukuta ukiwa bado juu ya mguu, uchafu ule umefungiwa mulemule. Ukuta ukiinuliwa, damu inarudi mguuni, inabeba mzigo wote na kuumwaga mwilini. Potasiamu inasimamisha moyo. Mayoglobini inaziba vijirija vya figo. Na maji ya mwilini yanakimbilia kwenye msuli uliovimba, presha inaporomoka. Ndiyo maana waokoaji wengi wanasimulia mtu aliyekuwa anaongea nao chini ya kifusi saa nzima, wakamtoa kwa shangwe, akafa mikononi mwao.

Madaktari wa Kijerumani waliona dalili zake baada ya tetemeko la Messina, Italia, mwaka 1908. Mjapani Seigo Minami aliandika kuhusu figo za namna hiyo mwaka 1923. Lakini walioupa sura inayofahamika leo ni Bywaters na Beall, London, mwaka 1941, kwa watu waliofukuliwa kwenye nyumba zilizopigwa mabomu. Halafu dunia ikausahau kidogo. Desemba 1988 Armenia ilitetemeka, watu takriban 25,000 wakafa, na hospitali zikajikuta na mamia ya watu ambao figo zimekufa, zaidi ya 200 wakihitaji mashine ambazo hazikuwepo. Baada ya hapo ndipo madaktari wa figo duniani wakaunda kikosi chao cha maafa.

Kikosi hicho kilijaribiwa Uturuki, Agosti 17 mwaka 1999, saa 9:02 usiku, tetemeko la Marmara. Waliopata matatizo ya figo kutokana na kubanwa walikuwa 639. Waliowekwa kwenye mashine walikuwa 477. Waliokufa kati ya hao 639 ni kama 15 katika kila 100. Kwa ugonjwa unaoua hivi, na kwa watu waliofukuliwa kwenye maghorofa, hiyo ni kazi ya kusifiwa.

Asha_Mdadisi ameandika:

Dada Sista, nimesoma mpaka nimesisimka. Naomba kuuliza kama mtu wa kawaida. Nikimkuta mtu kabanwa mguu na mimi nina nguvu za kuinua jiwe, nimwache nisubiri daktari? Na nimesikia ukimfunga kamba ya kukaza juu ya paja kabla hujainua, sumu haipandi. Ni kweli?

Sista_wa_Zamu ameandika:

Asha mdogo wangu, usimwache. Kama amebanwa dakika chache na unaweza kuinua, inua. Hatari niliyoieleza hujengeka kadiri saa zinavyokwenda. Kwa kawaida watu husema kubanwa kwa muda wa saa nne na kuendelea, lakini imeonekana hata kwa chini ya saa moja mzigo ukiwa mzito na msuli ukiwa mkubwa. Wengi wanaotolewa hai hutolewa siku ya kwanza, na wanaowatoa ni majirani na ndugu, si vikosi kutoka nje. Majirani wakikaa kusubiri, watu wanaisha.

Kama amekaa muda mrefu na kuna mtu wa afya karibu, dripu ianze akiwa bado kwenye kifusi. Mkono mmoja tu ukionekana unatosha kutafutia mshipa. Maji ya chumvi, lita moja kwa saa kwa mtu mzima, kisha yanapunguzwa kutegemea mkojo. Siyo ile dripu ya Ringa, kwa sababu ile ina potasiamu ndani yake, na potasiamu ndiyo adui tunayemkimbia.

Kamba ya kukaza ni ya damu inayoruka tu, ile ambayo ukiiacha mtu anakwisha. Kuifunga eti kuzuia sumu hapana. Unauongezea msuli saa nyingine za kukosa damu, kisha siku ukifungua unakuta mzigo umekua.

Kitu kimoja kidogo ambacho kila mtu anaweza kufanya: andika saa. Saa aliyobanwa na saa aliyotolewa, kwa kalamu isiyofutika, juu ya mkono wake au paji la uso. Yule wangu wa chai angekuja na saa imeandikwa, nisingemkalisha kwenye kiti.

DktMifupa ameandika:

Sista, saluti. Niongeze upande wa chumba cha upasuaji, kwa sababu huko ndiko tunakoharibu kwa nia njema.

La kwanza, vidonda. Kidonda cha tetemeko hakifanani na cha kisu. Kimejaa vumbi, saruji, nyuzi za nguo, udongo, na nyama iliyopondwa ambayo leo inaonekana nyekundu na keshokutwa inakuwa nyeusi. Daktari aliyechoka, korido imejaa, anakisafisha juujuu na kukishona ili apishe mwingine. Siku ya tatu mgonjwa anarudi na homa, ukikata uzi usaha unaruka. Baada ya tetemeko lolote kubwa utasimuliwa jambo hili na timu zilizofika siku ya nne na ya tano: kazi yao kubwa ilikuwa kufungua vilivyoshonwa. Kidonda kioshwe kwa maji mengi, nyama iliyokufa ikatwe, kiachwe wazi, kitazamwe tena baada ya siku mbili, na kufungwa kuanzia siku ya tatu mpaka ya tano kikiwa safi. Na chanjo ya pepopunda kwa kila mwenye kidonda. Kwenye tetemeko la Kashmir, Pakistani, mwaka 2005 walipata wagonjwa wa pepopunda zaidi ya 100. Ni kifo kibaya, na sindano yake ni ya kawaida kabisa.

La pili, kupasua mguu uliovimba. Tulifundishwa kwamba msuli ukivimba ndani ya ala yake, presha ikapanda, pasua uachie. Ni sahihi kwa mguu uliovunjika jana. Kwa mguu uliokandamizwa kwa muda wa saa kumi na mbili, msuli wenyewe umeshakufa, na wewe unageuza jeraha lililofungika kuwa kidonda wazi cha sentimita 30. Wenzetu wa Uturuki waliona wagonjwa waliopasuliwa hivyo wakiingia kwenye maambukizi ya damu zaidi ya wengine. Leo tunapasua kukiwa na sababu ya wazi, kama presha iliyopimwa au mapigo yaliyopotea mguuni, si kwa sababu tu mguu umevimba.

La tatu, kukata. Haiti, Januari 2010, makadirio ni kwamba viungo vilivyokatwa ni kati ya 2,000 na 4,000. Miguu mingine ilikuwa haina njia, imeoza. Mingine ilikatwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuitunza wiki sita zijazo. Sitamhukumu aliyekuwa pale. Ila nimewahi kukaa na mtu aliyekatwa mguu kwa haraka mahali fulani, si Haiti, akaniuliza kama ule mguu ungepona. Eksirei aliyokuja nayo ilikuwa ya mguu ambao mimi ningeujaribu.

Chuma cha nje chenye pini, kile kinachoshika mfupa huku kidonda kikiwa wazi, ndicho rafiki wa siku hizo. Sahani za chuma za ndani zisubiri. Ukiweka chuma ndani ya mguu mchafu umepandikiza usaha.

Sista_wa_Zamu ameandika:

Dokta asante. Hiyo ya kuacha kidonda wazi nimeinakili neno kwa neno kwenye mpango. Wauguzi huwa tunalaumiwa na ndugu, "mmemwacha bila kumshona!" Sasa nitakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Fundi_Zege ameandika:

Wakuu mimi ni wa majengo, hospitali naenda nikiumwa tu. Lakini naona mnasahau kwamba jeraha huanzia kwetu.

Nyumba ya udongo ikianguka haiachi nafasi. Inamiminika kama unga na kumjaza mtu puani na mdomoni. Bam, Iran, Desemba 26 mwaka 2003, saa 11:26 alfajiri, watu zaidi ya 26,000 walikufa, na nyumba nyingi zilikuwa za udongo zenye mapaa mazito. Wengi walikosa hewa, hawakuvunjika.

Zege ni hadithi nyingine. Sakafu zikilaliana, juu ya kitanda au pembeni ya kabati kunabaki kijishimo. Aliye ndani anaweza kuishi siku mbili tatu, lakini kuna boriti juu ya paja lake. Huyo ndiye wa figo wa Sista. Ukiniambia mji una maghorofa ya zege yaliyojengwa ovyo, nitakwambia ununue mashine za kusafisha damu.

Halafu kuna majengo yaliyosimama vizuri, ndani dari, makabati na vioo vikaruka. Hapo mtapata mikato, mabega na vifundo vilivyoteguka. Ni wengi sana na wanakuja kwa miguu yao, tena wanakuja wa kwanza.

Sista_wa_Zamu ameandika:

Fundi, hapo mwisho umegusa pabaya pangu. Wanaokuja kwa miguu hujaza mapokezi saa mbili za kwanza. Wamekatwa na vioo nyayo kwa sababu walikimbia peku gizani, wana hofu, wanavuja damu inayotisha macho tu. Unatumia bandeji zote na nguvu zote. Ndipo machela zinaanza kuingia.

Na saa ya tetemeko nayo inapanga wodi. Usiku watu wamelala: mzigo unaangukia nyonga, mgongo na mapaja. Mchana wamesimama au wanakimbia. Kuna anayeruka kutoka ghorofani, huyo hufika na kisigino kilichopasuka anakilalamikia kisigino tu, na ukikosa kuuliza zaidi utaacha pingili ya kiuno iliyovunjika vilevile. Kila kisigino cha aliyeruka kinadai eksirei ya mgongo.

Tazameni Jumamosi mbili. Oktoba 8 mwaka 2005, Kashmir upande wa Pakistani, saa 2:50 asubuhi. Jumamosi ilikuwa siku ya shule. Madarasa yaliwaangukia watoto kwa maelfu. Aprili 25 mwaka 2015, Nepali, karibu saa sita mchana. Kule Jumamosi shule zimefungwa. Madarasa yalianguka kwa maelfu nayo, yakiwa matupu, na watu wengi wa vijijini walikuwa nje mashambani. Ukichukua takwimu za umri wa majeruhi wa nchi moja ukapangia nyingine bila kuuliza siku na saa, umepiga ramli.

Na kama bahari ikiingia, sahau yote niliyoandika. Japani, Machi 11 mwaka 2011, zaidi ya tisa katika kila kumi ya waliokufa walizama. Timu za upasuaji zilikimbia kule zikakuta majeruhi wachache kuliko walivyotarajia. Waliofikiwa na maji walikufa, waliopanda mlima walikuwa wazima, ila hawana dawa zao za presha.

Mnyooshaji ameandika:

Naona uzi umekaa kwenye wiki ya kwanza. Mimi ni wa mazoezi ya viungo, wagonjwa wenu wananifikia kamera zikishaondoka.

Tangshan, China, Julai 1976, iliacha watu wapatao 3,800 waliopooza kuanzia kiunoni. Kashmir iliacha mamia, wengi wao wanawake, maana asubuhi ile walikuwa ndani ya nyumba. Baadhi ya waliopooza mgongo ulivunjwa na paa. Baadhi pingili ililegezwa na paa, na ikamaliziwa na waliomtoa: mmoja kashika kwapa, mwingine miguu, katikati pananing'inia. Mlango uliovunjika upo palepale kwenye kifusi. Mlazeni juu yake, mfungeni kwa shuka, watu wanne wamnyanyue kwa hesabu.

Kisha wodini. Mtu asiyehisi makalio akilala upande mmoja saa chache kitanda kinaanza kumla. Niliwahi kupokea binti ambaye mgongo wake ulikuwa umetulia, hauna shida tena, lakini alikuja na shimo juu ya mkia linaloingia ngumi. Shimo hilo halikusababishwa na tetemeko. Mgeuzeni kila saa mbili. Ndugu afundishwe kumgeuza, maana sista ana wagonjwa 40.

Mbishi_Halali ameandika:

Leo nimekaa kimya kwa adabu. Swali la mwisho: wale 3,389 wa Kobe wasioangukiwa na kitu. Ni hofu tu au?

Sista_wa_Zamu ameandika:

Hofu inaua, Mbishi. Los Angeles, Januari 17 mwaka 1994, tarehe ileile ya Kobe mwaka mmoja kabla, saa 10:31 alfajiri. Kwa kawaida wilaya ile ilikuwa na vifo vya ghafla vya moyo kama 4.6 kwa siku. Siku ile vilikuwa 24.

Wengine ni baridi, vumbi kwenye mapafu, dawa zilizobaki chini ya kifusi, mgonjwa wa figo wa siku zote ambaye kituo chake hakina umeme wala maji. Na kuna moja sikuitegemea. Niigata, Japani, Oktoba 2004, watu waliogopa kurudi ndani kwa sababu ardhi iliendelea kutikisika, wakalala kwenye magari, magoti yamekunjwa, hawanywi maji ili wasiende chooni usiku. Damu ikaganda miguuni, bonge likapanda mapafuni, baadhi wakafa. Watu waliotoka nje ya nyumba wakiwa salama kabisa.

DktMifupa ameandika:

Sista, hujatuambia. Mpango ulipita?

Sista_wa_Zamu ameandika:

Nusu nusu dokta. Kalamu zimepita, chanjo imepita, hogo wameongeza. Wa stoo aligoma kwenye dripu. Ananiuliza mifupa na maji wapi na wapi. Nikampigia hesabu mbele yake: mtu mmoja aliyekandamizwa ni lita 6 kwa siku ya kwanza, na zaidi kama mkojo unatoka na kuna wa kumwangalia. Watu 20 ni lita 120. Kwa mifuko ya nusu lita ni mifuko 240, siku moja. Akasema nikamletee maandishi ya hospitali nyingine iliyowahi kuagiza hivyo. Kikao ni Alhamisi. Mwenye karatasi ya namna hiyo ya kazini kwake, afute jina la hospitali aniwekee hapa.